Chaji inabaki nusu, petroli inakwisha: nani anainywa?

Shikamoo mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Uyole hapa Mbeya, na duka langu la vitenge liko Mwanjelwa. Novemba mwaka jana nilinunua gari la mtumba kutoka Japani, yale ya haibridi, yenye injini ya petroli na mota ya umeme, unayoyachomeka kwenye umeme kama simu. Aliyeniuzia alinionyesha karatasi ya Kijapani yenye namba 67, akaniambia, "Dada, hizo ni kilomita kwa lita moja." Sikumwamini moja kwa moja, lakini miezi ya mwanzo nilikuwa natembea nacheka. Usiku nachomeka kibarazani, asubuhi naacha watoto shule, naenda dukani, mchana mizunguko yangu ya benki na kupokea mzigo stendi, jioni nyumbani. Ukijumlisha ni kama kilomita 35 kwa siku. Jioni chaji inakuwa imebaki kidogo mno, lakini nimefika. Petroli ya lita 20 ilinivusha zaidi ya miezi miwili. Vijana wa sheli walianza kunisahau sura.

Pasaka tulienda Dar. Wakati wa kurudi, pale mlima Kitonga, gari likawasha taa ya joto. Tulisimama, tukasubiri, tukajikongoja hadi tukampata fundi njiani. Alifungua boneti, akatoa kidude kama mfuniko wa bati chenye springi katikati, akasema hicho ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi. Kweli gari halikupata joto tena. Kidude chenyewe ninacho, kimo kwenye droo ya gari.

Tatizo limeanza Juni. Wewe unaijua Uyole ya Juni, mwalimu. Saa kumi na mbili na robo asubuhi watoto wakipumua unaona moshi. Nikiwasha hita, injini inaunguruma hata sijatoka getini, na haizimi hadi Mwanjelwa, wakati chaji imejaa! Jioni vilevile. Na hita yenyewe inatoa uvuguvugu tu. Lita 20 sasa hazifiki siku 12. Cha ajabu, nikifika nyumbani jioni chaji bado ni nusu. Yaani umeme upo na petroli imekwenda.

Sasa nikueleze kinachonikosesha usingizi. Mume wangu anafanya kazi Tunduma, anarudi wikiendi. Nyumbani tuko na mdogo wake, shemeji yangu, anasoma chuo. Jumamosi ndiye anayepeleka gari kuoshwa. Nilipoona mafuta yanapotea nikahisi ananyonya anauza. Sikumwambia wazi, ila nilimnyang'anya ufunguo mbele ya watoto. Tangu siku hiyo anakula chumbani kwake. Juzi mama mkwe kapiga simu kuuliza kulikoni.

Jirani yangu anasema magari ya chaji hayafai Nyanda za Juu, baridi inaua betri, niuze mapema. Mume wangu naye ananikataza kuwasha AC tukienda kwa wazazi wangu Kyela, tunafika tumelowa jasho. Nisaidie mwalimu. Ni baridi, ni AC, au ni mtu?

Ndaga fijo.
Mama Wawili, Uyole


Marahaba, Mama Wawili. Aina ya gari uliyoitaja nimeiondoa kwenye barua, kwa sababu haya utayakuta kwenye haibridi za kuchaji za kampuni nyingi.

Naanza na shemeji. Hakuiba. Wewe mwenyewe umeleta ushahidi wa kumtetea bila kujua. Mtu akinyonya petroli kwenye tangi, gari lako lingeendelea kutembea kwa umeme kama zamani, na jioni betri ingekuwa karibu tupu kama ilivyokuwa Januari. Lakini unasema chaji inabaki nusu. Maana yake sehemu ya zile kilomita 35 haikutembezwa na umeme, imetembezwa na injini, na injini haili hewa. Petroli yako imeungua ndani ya gari lako, ukiwa umekaa kwenye usukani unaisikia inaunguruma.

Sasa kwa nini injini iwake na betri imejaa? Kwa sababu umeomba joto.

Fikiria jikoni kijijini. Watu wanaota moto huku ugali unapikwa. Hakuna anayehesabu kuni za kuota, kwa sababu kuni zimewekwa kwa ajili ya sufuria, joto la pembeni ni bahati ya waliokaa. Gari la kawaida liko hivyo. Injini ya petroli inapoteza sehemu kubwa ya mafuta yake kama joto, na hita inachota humo humo, kwenye maji yanayozunguka injini. Ndiyo maana tumezoea kudhani hita ni bure, ila AC ndiyo inayokula mafuta. Mota ya umeme haina moto wa kuota. Inafanya kazi yake karibu bila kupoteza joto, kwa hiyo ukitaka kupasha watoto inabidi joto litafutwe kwingine. Baadhi ya magari haya yana hita ya umeme, kama pasi kubwa. Mengine yana mfumo unaofanana na friji iliyogeuzwa, unaovuta joto la nje na kulileta ndani. Na mengine, hasa yale ya bei ya chini ya toleo hilohilo, hayana kimojawapo: ukipandisha kitufe cha joto, gari linaamsha injini ili ipashe maji. Kwa maelezo yako, lako ni la kundi hili la mwisho. Kwa lugha ya jikoni, unawasha kuni za kuota tu, sufuria haipo.

Hilo peke yake lingekugharimu, lakini si kwa kiasi hicho. Injini ya namna hii ikiwa nzima huwaka, maji yakipata moto inazima, hita inaendelea kutumia maji yale hadi yapoe, injini inaamka tena kidogo. Ya kwako haizimi hadi Mwanjelwa, na hita ni uvuguvugu. Hapo ndipo kile kidude chako cha kwenye droo kinapoingia.

Kitoe ukitazame. Katikati chini ya ile springi kuna kitu kama kidonge cha shaba. Ndani yake mna nta. Ndiyo, nta, nduguye wa ile ya mshumaa. Kidude kinaitwa themostati, na kazi yake ni kuwa mlinzi wa mlango kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa ya baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu na yanapata moto haraka. Yakifika kwenye nyuzi 80 na kitu, nta inayeyuka, inavimba, inasukuma mlango, maji yanakwenda rejeta kupoozwa. Kigeuze ukiangalie pembeni, mara nyingi wameigonga ile namba ya joto, 82 au inayokaribiana nayo.

Yule fundi alikiondoa, kwa hiyo mlango uko wazi saa zote. Asubuhi ya nyuzi 7, maji mengi yanayopashwa na injini yanapelekwa moja kwa moja kwenye rejeta inayopigwa na upepo wa Uyole. Isitoshe, kutoka Uyole kwenda mjini unateremka kidogo, injini haina mzigo wa kuitoa jasho. Ni sawa na kuchemsha maji ya kuoga huku bomba linaendelea kuingiza ya baridi kwenye sufuria. Kompyuta ya gari inasubiri maji yapate moto ndipo izime injini. Hayapati. Unafika Mwanjelwa inasubiri bado. Mchana jua likitoka unazima hita, unafanya mizunguko yako kwa umeme, ndiyo maana betri inapungua hadi nusu na si zaidi. Jioni unaanza upya.

Hii tabia ya mafundi wetu kutoa themostati naifahamu miaka mingi, na sitamlaani aliyekusaidia njiani, maana alikutoa Kitonga ukafika nyumbani. Dar, kwenye joto la nyuzi 32 na gari la petroli la kawaida, mtu anaweza kuishi bila hicho kidude na asigundue, ingawa injini inaumia polepole. Lakini "cha nchi za baridi"? Mama, Uyole mwezi wa saba ni nchi ya baridi! Kule juu Kitulo na Makete asubuhi nyingine majani yanakuwa meupe kwa jalidi. Na kwenye haibridi madhara ni makubwa kuliko gari la kawaida, kwa sababu uamuzi wa kuzima injini unategemea sana joto la maji.

Kabla hujakirudisha, kijaribu. Weka maji kwenye sufuria, kitumbukize kwa uzi kisiguse chini, chemsha. Maji ya Uyole yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, lakini hizo zinatosha. Kabla maji hayajachemka sawasawa uone mlango wake unafunguka, na ukikitoa kikipoa unajifunga. Kisipofunguka, basi kilikuwa kimekwama, na pengine ndicho kilichokupandishia joto Kitonga. Tupa, nunua kipya pamoja na mpira wake. Kikifunguka vizuri, kosa la Kitonga liko kwingine, na fundi alitafute: feni ya rejeta haizunguki, rejeta imejaa udongo, pampu ya maji, au maji yamepungua. Mwambie pia amwage maji matupu kama ndiyo yaliyojazwa njiani, aweke kulanti, yale maji maalumu ya kupoozea injini. Na rejeta isifunguliwe injini ikiwa ya moto, watu wameungua nyuso.

Akimaliza, aunganishe mashine ya kupimia gari asome joto la maji injini ikiwa inafanya kazi. Likipanda na kutulia kwenye nyuzi 80 na zaidi, amefanya kazi yake. Likibaki 50, hajamaliza, usimlipe.

Sasa hesabu ya pesa, ili mumeo naye akae nasi. Gari la ukubwa wa lako linakula takriban yuniti 1 ya umeme kwa kila kilomita 5. Kilomita 35 ni yuniti 7, ongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, weka 8. Kwa LUKU ya kama shilingi 350 kwa yuniti, siku nzima ni 2,800. Hivi sasa unachaji nusu, tuseme 1,400, halafu unaunguza karibu lita 2 za petroli. Bei ya petroli inayotangazwa na EWURA inabadilika kila mwezi, lakini hata ukiweka 3,000 kwa lita, uko kwenye 7,000 na ushee. Tofauti ni zaidi ya shilingi 4,000 kila siku ya kazi, na zote zinakwenda kupasha hewa ya barabarani.

Ukisharudisha themostati injini bado itaamka ukiomba joto, ila itajua kulala. Ukitaka isiamke kabisa, usiombe. Shusha kitufe cha joto hadi mwisho wa baridi, acha feni tu, au zima mfumo wote. Wavishe watoto masweta na uweke shuka la Kimasai siti ya nyuma. Kwako wewe, angalia pembeni ya siti ya dereva kama kuna kitufe chenye alama ya kiti na mawimbi. Hiyo ni hita ya siti, inakula kama balbu kubwa ya zamani, wati 100 au chini, wakati hita ya gari zima ikiwa ya umeme inaanza na wati 3,000 hadi 5,000. Mwili ukiguswa na joto mgongoni haudai hewa yote ya gari iwe ya moto.

Nimesema wati makusudi, kwa ajili ya wasomaji wengine wa Mbeya na Iringa ambao magari yao yana hita ya umeme na wananiuliza kwa nini kilomita za chaji zinapungua kila Juni. Hita inakula kwa saa, haijali kilomita. Ukienda kasi kutoka Mafinga hadi Iringa mjini, hita inagawanywa kwa kilomita nyingi na huioni. Ukikaa nusu saa kwenye foleni ya malori pale Mafiati, imekula yuniti 2, sawa na kilomita 10 za safari, na hujasogea. Wenye hita hizo dawa yao ni kuwasha joto gari likiwa bado limechomekwa. Mengi yana saa ya kupanga hilo kwenye skrini, hata kama maandishi ni ya Kijapani. LUKU ndiyo inapasha gari, betri inabaki nzima kwa safari. Wewe hili halikuhusu, gari lako halina cha kuwashia.

Kuna jambo litakukera ukizima hita, na afadhali ulijue mapema: kioo kitapata ukungu. Ninyi watatu mnapumua ndani ya bati la baridi, na watoto wameingia na makoti yenye umande. Mkono wa kwanza utakwenda kwenye kitufe cha kioo cha mbele, kile chenye mishale mitatu inayopanda. Kwenye magari mengi ya aina yako kitufe hicho kinaita kila kitu kwa pamoja, kompresa ya AC, feni ya mwisho na joto, kwa hiyo injini inaamka. Kibonyeze kama huoni njia, usalama kwanza. Lakini jaribu hivi kwanza: ondoa ile alama ya mshale unaozunguka ndani ya gari, ili hewa ya nje iingie. Elekeza feni kioo cha mbele, washa AC joto likiwa chini, na teremsha dirisha la nyuma upana wa kidole. AC inakausha hewa, na kioo kinapata kile unachohitaji, ukavu. Watoto watanung'unika dakika mbili. Na Jumapili futa kioo kwa ndani kwa kitambaa safi chenye sabuni kidogo, kisha suuza. Ule utandu wa mafuta na vumbi ndio unaoshika mvuke. Nimeona magari ambayo kioo cha nje kinang'aa kama kioo cha saluni, ndani ukipitisha kidole unaandika jina.

Jirani yako anayesema baridi inaua betri amechanganya mambo mawili. Betri hizi za lithiamu zikipoa zinakuwa nzito kutoa na kupokea umeme, na ukianza safari asubuhi utaona kilomita zilizoandikwa zimepungua kidogo, na ukiachia mafuta gari halirudishi umeme kwenye betri kwa nguvu kama mchana. Ikipata joto inarudi hali yake. Huko si kufa. Kinachozeesha betri ni joto, na gari lililokaa Dar miaka mitano likipigwa jua limechakaa betri kuliko lililokaa Uyole. Mwambie akitaka kuuza la kwake anitafute.

Kitu kimoja kitakusaidia kuhusu hiyo asubuhi: chaji yako ikiisha saa nne usiku, betri inakaa inapoa hadi alfajiri. Panga ianze saa nane usiku. Kwa soketi ya kawaida ya gari hili inachukua kama saa nne, inamaliza karibu na muda wa kuondoka, na kuchaji kwenyewe kunaipa betri uvuguvugu. Waya uwe ule wa volti 200. Wa volti 100 wa Kijapani usiuguse kwenye umeme wetu wa 230. Upepo wa tairi pima asubuhi kabla hujatembea, maana kila joto likishuka nyuzi 10 tairi inapoteza karibu paundi 2, na tairi laini inakula umeme na petroli bila kubagua.

Kyela sasa. Mumeo ana nia njema, lakini anamkamata asiye na hatia, ugonjwa ambao naona umeenea hapo nyumbani. AC haitengenezi baridi. Inahamisha joto, na kwa kila yuniti ya umeme inahamisha mara mbili au tatu yake. Pia kazi yake ni ndogo: kutoka nyuzi 33 za Kyela hadi 24 ni nyuzi 9, wakati asubuhi ya Uyole unataka kutoka 7 hadi 22, nyuzi 15. Gari likishapoa, AC inakula kama yuniti 1 kwa saa. Safari ya saa mbili na nusu, yuniti 2 na nusu.

Mnywaji wa safari hiyo ni mlima. Kyela iko karibu na mita 500 juu ya usawa wa bahari, Uyole karibu 1,800. Gari lako na nyie na mchele na ndizi za mama ni tani 2. Kunyanyua tani 2 kwa mita 1,300 ni yuniti 7, na hapo sijahesabu kusukuma upepo wala msuguano wa tairi, wala kwamba kabla ya Uyole unapandishwa juu zaidi pale Isyonje ndipo uteremke. Betri nzima ya gari la aina yako inakupa kama yuniti 9 za kutumia. Kwa hiyo wakati wa kurudi petroli itaungua, uwashe AC usiwashe. Washeni, mfike na nguo kavu.

Unachoweza kukiokoa kiko kwenye kuteremka. Ukitoka Uyole, tumia umeme kupanda hadi Isyonje, usiutunze. Ukianza kushuka kwenda Tukuyu na Kyela betri iwe na nafasi, kisha tumia ile gia ya kurudisha umeme, inayoifanya mota izuie gari huku ikijaza betri, badala ya kukanyaga breki muda wote. Ukifika kileleni na betri imejaa, gari halina pa kuuweka ule umeme, utaishia kupasha breki. Kurudi fanya kinyume. Kitufe cha kutunza chaji kibonyeze kabla ya mlima, ukianza kupanda kiachie, mota iisaidie injini. Na Kitonga ni hivyohivyo. Naweka dau kwamba siku ile ya Pasaka ulifika Ruaha Mbuyuni na betri tupu, kwenye joto la kule bondeni, injini ikabeba mlima peke yake. Safari ijayo tunza chaji tangu Mikumi.

Na ukisafiri asubuhi ya baridi kwenda mbali, tuseme Njombe, pindua ushauri wangu wote wa masweta. Anza na petroli tangu Uyole, tunza umeme. Injini inafanya kazi ya barabara kuu na joto linatoka bure kama kwenye gari la kawaida. Umeme utautumia Njombe mjini kwenye mizunguko ya pole. Hapo hita washa unavyotaka.

Ile 67 ya kwenye karatasi si uongo, ila si yako. Ni kipimo cha Kijapani, gari likiwa juu ya mashine ya roli zinazozungushwa na tairi, ndani ya chumba chenye joto zuri, AC imezimwa, na kilomita za umeme wa plagi zimechanganywa na za petroli. Hawakupima na watoto wawili, ukungu, wala Isyonje.

Kwa fundi nenda Jumatatu. Ila leo jioni, kabla ya chakula, gonga mlango wa chumba cha shemeji ukiwa na ule ufunguo mkononi. Watoto wawepo, maana walikuwepo siku ulipouchukua. Kama hujui uanzie wapi, mpe na kile kidude cha kwenye droo, mwambie akichemshe.